Picha ya mahafali: uchambuzi wa kisa cha picha bandia ya mwanafunzi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki, cha binti wa shule aliyetengenezewa picha ya utupu ya bandia kwa akili mnemba (AI), kilitokea katika mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Majina ya shule, mtaa na watu yameondolewa, na mambo madogomadogo ya familia yamebadilishwa ili hata jirani asiweze kumtambua binti. Wahusika wanatajwa kwa nafasi zao tu. Picha yenyewe haielezwi humu, kwa sababu hakuna anachojifunza mtu kwa kuelezwa picha ya namna hiyo. Binti na mlezi wake wameridhia kisa kitumike kufundishia walimu wa malezi na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ngazi ya kata.

Ukisikia "akili mnemba" unatarajia kisa cha kompyuta. Hapa kompyuta ilifanya kazi ya dakika chache. Sehemu kubwa iliyobaki ilifanywa na watu wazima wenye nia njema, na ndiyo inayochambuliwa hapa.

Mazingira

Shule ni sekondari ya kata, ya kutwa. Simu haziruhusiwi shuleni, na kwa kweli sheria hiyo inafuatwa. Mwalimu wa zamu anapekua mabegi na wanafunzi wamezoea. Kwa hiyo walimu wengi waliamini kwamba matatizo ya mitandaoni ni ya shule za Mbeya mjini au Dar es Salaam, si ya kwao.

Nyumbani mambo ni tofauti. Mama akirudi sokoni, simu inaingia mikononi mwa mtoto. Kundi la WhatsApp la Kidato cha Tatu lilianzishwa wakati wa likizo ya Juni ili mwalimu wa hisabati atume maswali, na likizo ilipoisha kundi likabaki. Namba zote zilikuwa za wazazi, lakini waandikaji walikuwa watoto. Saa tatu usiku Mama Fulani anauliza namna ya kutafuta kipeo cha pili. Asubuhi Mama Fulani mwenyewe anafungua simu anakuta jumbe mia na ushee, anazifuta bila kusoma, anakwenda zake shambani. Hilo lilijulikana na kila mtu na halikumsumbua yeyote.

Kulikuwa pia na mpiga picha wa mji. Kila mahafali ya Kidato cha Nne anakuja na kamera yake, anapiga mamia ya picha, kisha anaziweka zote kwenye ukurasa wake wa Facebook, kubwa na safi, ili wazazi wachague za kusafisha. Ukurasa uko wazi kwa yeyote. Binti wa kisa hiki hakuwa mhitimu. Aliimba kwenye kwaya ya kuwaaga kaka na dada zake, amevaa utepe mwekundu kichwani kama wanakwaya wenzake.

Halafu kuna kibanda cha karibu na stendi. Kinaingiza nyimbo na muvi kwenye kadi za simu, kinaflashi simu zilizogoma, na siku za karibuni kinaediti picha: unapigwa ukiwa na sweta la shule, unatoka umevaa suti, nyuma yako kuna maghorofa ya Dubai. Nusu ya darasa walikuwa na picha za wasifu zilizotoka pale. Mwenye kibanda alikuwa kijana wa miaka 19, mpole, anayeheshimika mtaani.

Tukio lilivyokwenda

Mwezi Novemba, wiki chache kabla ya mitihani ya kufunga mwaka, mvulana wa miaka 16 wa darasa moja na binti alichukua picha ya kwaya kutoka ukurasa wa mpiga picha na kuipeleka kibandani. Alilipa shilingi elfu moja. Kijana wa kibandani aliingiza picha kwenye boti moja (programu inayojibu yenyewe) ya mtandao wa ujumbe, na dakika chache baadaye ikarudi picha ya utupu, ya bandia, yenye sura ya binti. Hakuna ujuzi uliohitajika. Mvulana alikuja kueleza kwamba alitaka kuwaonyesha marafiki wawili tu, kwa sababu binti alikuwa amemkatalia urafiki na kumcheka. Mmoja wa marafiki hao akaitupa kwenye kundi la darasa Jumamosi usiku, na jina la binti chini yake.

Jumapili asubuhi kina mama walifungua simu zao. Mmoja wao, mwanakikoba, aliona picha, akaiamini, akashtuka, akaituma kwenye kundi la kikoba na maneno haya: "Wazazi tuangalie watoto wetu, dunia imeisha." Wanawake wa kikoba wakawatumia waume, mashemeji, wanakwaya wenzao. Baadaye, mtiririko ulipopangwa hatua kwa hatua, ilionekana kwamba watoto waliisambaza kwenye kundi moja tu. Kote kwingine ilipelekwa na watu wazima, na karibu kila mara ilikuwa na onyo juu yake.

Jumatatu mkuu wa shule alikuwa ameshaipokea kutoka kwa wazazi watatu tofauti. Alimwita binti ofisini, mwalimu wa nidhamu akiwepo, akamsogezea simu na kumuuliza, "Hii ni wewe?" Hapo ndipo binti alipoiona picha hiyo kwa mara ya kwanza, mbele ya wanaume wawili. Akajibu, "Sura ni yangu, mwili siyo wangu." Jibu likachukuliwa kuwa ni ujeuri. Akapewa barua ya kumleta mlezi na kuambiwa asirudi bila yeye.

Mlezi ni mama yake mdogo. Mama mzazi anafanya biashara Tunduma. Habari ilimfikia mama mdogo sokoni kabla ya barua kufika. "Nilimpiga kwanza, nikauliza baadaye," alisema mwenyewe, bila kujitetea.

Jumanne asubuhi mwalimu wa nidhamu, aliyekuwa ameshasikia minong'ono ya wanafunzi, alisimama paredi na kutangaza kwamba kibanda kinachohusika kinajulikana na polisi watafika muda wowote. Saa nane mchana kibanda kilikuwa kimefungwa. Kijana aliondoka na simu yake na kompyuta yake, na hadi kisa hiki kinaandikwa hajaonekana.

Siku hiyohiyo, wakati wa mapumziko, rafiki wa binti alimfuata mwalimu wa malezi akiwa ameshika daftari kana kwamba ana swali la somo. "Madamu, ile picha imeeditiwa. Ule utepe ni wa mahafali."

Mwalimu hakuwa ameiona picha bandia na aliamua asiione. Alifungua ukurasa wa mpiga picha kwa simu yake, akaipata picha ya kwaya, na baada ya vipindi akapanda mlima kwenda nyumbani kwa binti. Mama mdogo alimkaribisha, akaweka simu yake mezani kifudifudi, akaanza kuomba radhi kwa niaba ya mtoto. Mwalimu akamkatiza kwa upole: "Mama, sikuja kuiona hiyo. Nimekuja kukuonyesha hii." Akampa picha ya kwaya. Mama mdogo aliikuza kwa vidole, akautazama utepe, akautazama tena, halafu akaita jina la binti kuelekea chumba cha ndani, kwa sauti ambayo mwalimu anasema hakuwahi kuisikia kwake.

Jioni ile mwalimu alipiga 116, Namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni ya bure. Kesho yake afisa ustawi wa jamii wa halmashauri alikuwa kwenye kata.

Maamuzi na sababu zake

Kikao cha kwanza kilikuwa cha watu wachache: afisa ustawi, mwalimu wa malezi, mama mdogo, na askari wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto. Mkuu wa shule aliitwa baadaye, kwa makusudi. Kabla ya yote binti aliulizwa anataka nini. Hakutaja mvulana wala polisi. Alisema, "Nataka mama za wenzangu waambiwe siyo mimi." Maneno hayo yaliongoza karibu kila kilichofuata.

Uamuzi uliobishaniwa zaidi ulihusu mpangilio wa kazi. Mkuu wa shule, alipoingia, alikuwa amepanga kuchapa picha ile ili iwe kielelezo kwenye kikao cha bodi. Alikatazwa, na askari alieleza kwa nini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inakataza kuchapisha ponografia ya watoto kupitia mfumo wa kompyuta, na tafsiri yake ndani ya sheria hiyo haiishii kwenye picha iliyopigwa kwa kamera. Inagusa pia picha inayomwakilisha mtoto. Kwa hiyo "ni ya bandia" haimwokoi aliyeitengeneza, na "nilikuwa naonya" ni utetezi dhaifu sana kwa aliyeisambaza. Chumba kilikaa kimya kidogo. Kila mtu mle alikuwa na ndugu aliyeituma mahali.

Lakini kuwaambia watu wafute mara moja kungeteketeza ushahidi. Basi askari alianza na simu ya mzazi mmoja ambayo bado ilikuwa na ujumbe wa kwanza wa Jumamosi usiku. Ikaandikwa namba iliyotuma, jina la kundi, tarehe na saa, na simu ikachukuliwa kwa hati. Picha haikuhamishwa kwenda simu nyingine yoyote, hata ya askari. Baada ya hapo ndipo ujumbe huu ulipotumwa na maadmini wa kundi la darasa, kikoba na kundi la wazazi:

"Wazazi, picha inayozunguka imetengenezwa kwa kompyuta. Mtoto hakupiga picha hiyo. Ifute sasa. Usimtumie mtu yeyote, hata kwa nia ya kuonya. Kuituma ni kosa kisheria. Polisi na ustawi wa jamii wanalishughulikia. Ukiletewa tena, mjibu aliyekuletea kwa ujumbe huu."

Jina la binti halimo. Rasimu ya kwanza ya mkuu wa shule ilikuwa na aya nne na neno "maadili" mara tano, mama mdogo ndiye aliyesema, "Mwalimu, hiyo hakuna mtu ataisoma sokoni." Sentensi ya mwisho ni ya kwake.

Kuhusu maelezo ya binti, iliamuliwa ayatoe mara moja tu, kwa askari wa dawati, kwenye chumba cha pembeni, mama mdogo akiwa karibu. Shule iliomba nayo imhoji "kwa ajili ya kumbukumbu". Iliambiwa itumie nakala ya muhtasari wa afisa ustawi. Mtoto aliyeshaulizwa "hii ni wewe?" hahitaji kuulizwa tena na kila mwenye kiti.

Halafu mvulana. Bodi ilielekea kuwafukuza wote wawili "ili haki itendeke kwa pande zote". Nakiri kwamba nikisoma muhtasari wa kikao kile bado napandwa na hasira: aliyetendewa na aliyetenda wamewekwa kwenye mizani moja, kisha mtu anaita hiyo haki. Afisa ustawi alijibu kwa utulivu kunizidi. Binti hakuna kosa alilotenda, kwa hiyo hajadiliwi. Mvulana ana miaka 16. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 naye ni mtoto, shauri lake ni la mahakama ya watoto, na sheria hiyohiyo hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo. Kumfukuza shule kungemhamishia mtaani, karibu zaidi na vibanda vya stendi, na kungemwondoa kwenye macho ya watu pekee walioweza kumfuatilia. Jalada likafunguliwa polisi, akasimamishwa masomo kwa muda mfupi, na afisa ustawi akaanza kuandaa taarifa ya kijamii ambayo mahakama ingeihitaji.

Wakati huo familia ya mvulana ilishafika kwa mwenyekiti wa mtaa na wazee wawili, tayari kuyamaliza nyumbani. Walikuja na fedha na ahadi ya mbuzi. Hapa palikuwa na mtego wa pande mbili. Kukubali kungemaanisha jalada linakufa, na mama mdogo, ambaye maisha yake ni ya kubangaiza, alikuwa anazihitaji zile fedha. Kukataa moja kwa moja kungewafanya wazee waondoke wakiwa wamedharauliwa, na katika mji ule neno la wazee lina uzito kuliko muhuri. Afisa ustawi aliwapokea, akawaeleza kwamba suala la mtoto halifutwi kwa makubaliano ya familia, fedha zikarudi. Kisha akawauliza kama wako tayari kufanya jambo jingine lisilolipiwa: kwenda kule ambako jina la mtoto lilichafuliwa na kulisafisha. Babu wa mvulana alikubali kabla afisa hajamaliza kuuliza.

Upande wa mitandao, mpiga picha alifuta albamu nzima siku aliyoombwa. Mwalimu alimsaidia binti kutumia Take It Down, huduma ya kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyonywa, NCMEC, iliyoanza mwaka 2023. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yenyewe, bila picha kutoka, na mitandao inayoshiriki huitumia alama hiyo kuitambua na kuiondoa ikipandishwa. Inahusu pia picha zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Mwalimu alikuwa mkweli kwa binti kuhusu mipaka yake: huduma hiyo haiwezi kuingia kwenye mazungumzo ya WhatsApp yaliyofungwa, na huko ndiko picha ilikokuwa. Waliifanya hata hivyo, kwa ajili ya kesho.

Matokeo

Usambazaji ulipungua sana ndani ya siku mbili tangu ujumbe utumwe. Haukuisha.

Babu alikwenda kwenye kikao cha kikoba, akasimama mlangoni kwa sababu ni kikao cha kina mama, akasema mjukuu wake ametengeneza uongo juu ya mtoto wa watu na anaomba radhi kwa niaba ya ukoo. Mwanakikoba aliyeanza kuituma alilia, kisha akaenda mwenyewe kwa mama mdogo na debe la viazi. Alipokelewa. Binti hakutoka chumbani siku hiyo, na hakuna aliyemlazimisha.

Alirudi darasani baada ya wiki, akafanya mitihani, alama zikashuka. Januari alihamia kwa mama yake mzazi kwa muhula mmoja, kwa ombi lake, kisha akarudi. Anaendelea kuonana na mwalimu wa malezi. Kwaya ameacha.

Mvulana alirudi shuleni chini ya uangalizi. Shauri lake lilikuwa bado linaendelea wakati wa kuandika. Kuhusu kijana wa kibandani, ambaye ni mtu mzima na ndiye angepaswa kuubeba uzito wa kifungu cha 13, jalada lina jina lake na kidogo sana zaidi ya hapo. Kibanda kimepangishwa mtu mwingine.

Mwezi Machi picha iliibuka tena kwenye kundi la madereva wa bodaboda wa mji jirani. Dereva mmoja mwenye shangazi kwenye kikoba alijibu kwa ujumbe uleule, neno kwa neno, na admini akaiondoa.

Uchambuzi

*Swali lililopoteza muda*

Siku mbili zilipotea kwenye swali la kama picha ni ya kweli. Mkuu wa shule alilihitaji jibu ili ajue amwadhibu nani. Lakini tuchukulie ingekuwa ya kweli: mtoto amepigwa picha, au amejipiga, na imesambazwa bila ridhaa yake. Bado ni yeye aliyedhurika, bado kuisambaza ni kosa, bado hatua ya kwanza ni kuisimamisha na kumlinda. Hakuna hata hatua moja ya siku ya kwanza iliyohitaji jibu la swali lile. Lilihitajika baadaye, kusafisha jina, na wakati huo lilijibiwa na utepe mwekundu bila mtu mwingine kuitazama picha.

Hili la utepe linastahili kukaziwa. Wapo wanaofundisha walimu kukagua picha bandia kwa kuhesabu vidole au kutafuta kivuli kilichopinda. Mbinu hizo zinazidi kuzeeka kadiri zana zinavyoboreka, na kwa picha za namna hii zinamtaka mwalimu aikodolee macho picha ya mtoto asiyopaswa kuiangalia kabisa. Kumuuliza mtoto mwenyewe, au rafiki yake, "unaijua sura hiyo ilipigwa lini?" ni haraka zaidi na hakumvunjii heshima. Binti alishatoa jibu hilo Jumatatu ofisini. Alikosa tu msikilizaji.

*Onyo lililobeba picha*

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni ule ujumbe mfupi, na sababu ni kwamba ulifuata njia zilezile picha ilizopita. Tangazo la shule lingefika shuleni. Tangazo la kanisani lingefika kanisani, na pengine lingemtangaza binti kwa waliokuwa hawajasikia. Ujumbe wa kikoba ulifika kikobani. Na kwa kuwa ulimpa kila mtu kitu cha kufanya akiletewa picha, ulimpa njia ya kutoka bila aibu yule aliyekwisha kuituma. Angeweza kuutuma ujumbe nao, akawa upande wa waliosaidia.

Nadhani wengi tunakosea tunapomchukulia msambazaji kuwa mtu mbaya. Mama wa kikoba alituma kwa uchungu wa mzazi. Semina yoyote inayoanza na "acheni kusambaza picha chafu" haimgusi, maana hajioni humo. Aelezwe kwamba onyo linaweza kutumwa peke yake, kwa maneno, bila picha.

*Paredi*

Tangazo la mwalimu wa nidhamu ndilo kosa lililogharimu zaidi kwa upande wa sheria. Lilimtorosha mshukiwa mkuu pamoja na vifaa ambavyo vingeonyesha ni watoto wangapi wengine waliopelekwa kibandani kwa shilingi elfu moja. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kwenye kisa hiki: hatujui kama binti huyu ni wa kwanza. Mwalimu alitaka kuonyesha kwamba shule haijalala. Angeweza kwenda kituoni kimyakimya Jumatatu jioni.

Kamati ya kata sasa imezungumza na wenye vibanda vya stendi, si kwa vitisho, bali kwa kuwaonyesha sheria na kuwaachia namba 116. Wawili walisema walishawahi kuombwa kazi kama hiyo na wakakataa. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

*Picha inatoka wapi*

Mpiga picha hakutenda uhalifu. Alifanya biashara kama wapiga picha wote wa mahafali kuanzia Iringa hadi Tukuyu. Ila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imebadilisha mazingira: picha ya mtoto ni taarifa binafsi, na kuitumia kunataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Shule sasa inatoa karatasi ya ridhaa kabla ya mahafali, na mpiga picha anamtumia kila mzazi picha za mwanawe kwa namba yake. Analalamika kwamba mauzo yameshuka, kwa kuwa zamani shangazi wa Makambako aliona picha ukurasani akaagiza. Ni lalamiko la haki, na halijapatiwa jibu zuri.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba ukurasa ukifungwa tatizo limekwisha. Picha ya pasipoti au ya status ya mama inatosha kwa zana hizi.

*"Hayo ni ya mijini"*

Mwaka 2023 huko Almendralejo, mji wa mashamba ya zabibu na zeituni kusini magharibi mwa Hispania, wasichana wa shule walikuta picha bandia za utupu zenye sura zao zikizunguka kwenye simu za wenzao. Mwaka 2024 mahakama ya watoto iliwapa vijana 15 adhabu ya mwaka mmoja chini ya uangalizi. Almendralejo si Madrid. Mwaka huohuo 2024, NCMEC ilipokea taarifa zipatazo 67,000 zinazohusu akili mnemba na unyonyaji wa watoto, kutoka 4,700 mwaka 2023. Kwetu, utafiti wa Disrupting Harm uliochapishwa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto) na INTERPOL ulikuta kwamba asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono uliohusisha mitandao ndani ya mwaka mmoja, na hiyo ilikuwa kabla zana hizi hazijafika vibandani. Kinachohitajika ni simu, bando na mtu mwenye kisirani. Mji wetu una vyote.

*Kundi la darasa*

Jambo moja liliwagawa wahusika na bado linawagawa. Baada ya kisa mkuu wa shule alilifunga kundi la WhatsApp la darasa. Mwalimu wa malezi alipinga. Hoja yake ni kwamba kundi lile, pamoja na ovyo yake yote, lilikuwa kwenye simu za wazazi, na ndiyo sababu picha ilionekana asubuhi ya pili badala ya kukaa miezi mikononi mwa watoto. Mkuu anajibu kwamba shule haiwezi kuwa na mlango asioulinda mtu. Afisa ustawi alipendekeza kati: kundi lirudi, lifungwe saa tatu usiku, wazazi wawili wawe maadmini kwa zamu. Pendekezo liko kwa bodi. Wanafunzi hawakusubiri, wameshafungua kundi lao, kwa laini zao, na hakuna mtu mzima ndani yake.